Pua mpya ya Istanbul: kabla ya kulipa, uliza nani atakuangalia mwezi wa sita

Katika kipindi cha afya tulikuwa tunaongea juu ya malaria ya watoto, lakini simu na ujumbe vilivyoingia kisha vikauliza kitu kingine kabisa: ni kweli mtu anaweza kupasuliwa pua ili ikuwe nzuri? Inaomba siku ngapi kupona? Wengine waliuliza huku wakicheka. Wengine hawakucheka hata kidogo, na mmoja alituma picha yake ya ubavu, pua imezungushiwa alama nyekundu. Niliomba niandike mimi, sababu jambo hili limepita ndani ya nyumba yetu.

Mtoto wa yaya wangu anaishi Bruxelles. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, ile kazi ya kuinua watu toka kitandani asubuhi na kuwarudisha jioni. Siku moja akanipigia: "Mjomba, nataka kwenda Istanbul wanitengeneze pua. Usimwambie mama kwanza." Unajua namna maneno ya hivi yanavyoenda. Kesho yake mama yake, aliye hapa Bukavu, alikuwa amesikia, na akaja kwangu akiwa na hasira na machozi pamoja.

Nilifikiri atasema ni zambi, ao ni kutupa pesa. Hapana. Alisema hivi: "Akiifanya nyembamba, atarudi hapa namna gani?"

Msomaji wa hapa kwetu anaelewa bila kuelezwa. Msomaji wa mbali hawezi kuelewa. Hapa mashariki pua si kiungo cha kupumulia tu. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walipima pua, vichwa na urefu wa watu ku Ruanda-Urundi, wakaandika makabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, na fikra hiyo ya kwamba uso wa mtu unaonyesha kwao ni wapi haikubaki ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa nane 1998, ku Kinshasa na miji mingine, watu walikamatwa na wengine kuuawa juu ya namna walivyoonekana. Mpaka leo kwenye barrière mtu anaweza kuangaliwa "mofolojia" kabla hajaulizwa jina. Kuna watu wa Bukavu, Uvira, Goma, Bunia, waliozaliwa hapa na babu zao wamezikwa hapa, ambao wameambiwa tangu shuleni: wewe pua yako si ya huku. Huo ni uongo. Ndani ya kila kabila utapata pua za kila namna, hata ndani ya nyumba moja ya mama mmoja. Lakini uongo huo umeua watu, ndiyo maana yaya wangu alilia.

Basi ona namna dunia inavyogeuka. Ule mtindo unaouzwa kwenye simu, pua nyembamba yenye ncha iliyoinuka kidogo, ndio huohuo ambao hapa unaweza kukuletea maswali ya usiku. Binti yuko Ulaya anaangalia kioo kimoja, mama yuko Bukavu anaangalia kingine.

Turudi kwa kilichomfanya aamue. Nilimuuliza polepole, siku kadhaa. Kulikuwa na sababu mbili zilizochanganyika. Akiwa mtoto alianguka kwenye ngazi za shule, pua ikavunjika, hakuna aliyeitengeneza. Tangu hapo tundu la kushoto halipitishi hewa vizuri na juu pamebaki nundu. Hiyo ni sababu ya afya. Ya pili ni picha. Kila akijipiga selfi, anaona pua imejaa uso mzima.

Juu ya hiyo ya pili kuna jambo ambalo kila kijana mwenye simu angepaswa kulijua. Waganga wa Marekani walihesabu mwaka 2018: picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi, yaani urefu wa mkono uliokunjwa, inaonyesha pua ikiwa pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Kamera haina kosa, ni ukaribu tu: kilicho mbele kinakuwa kikubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukia pua ambayo haipo popote ila ndani ya simu yake. Yule aliyetutumia picha yenye alama nyekundu, namwomba ampe rafiki simu, arudi nyuma hatua mbili tatu, apigwe tena.

Hata hivyo watu wanaoenda ni wengi. Mwaka 2023 peke yake, shirika la kimataifa la wapasuaji wa urembo, ISAPS, lilihesabu operesheni za pua zaidi ya milioni 1 duniani. Ku Iran jambo hili ni la kawaida hata vijana wa Tehran wanatembea na plasta puani bila haya. Wazee wetu wanamkumbuka Michael Jackson, ambaye katika kitabu chake cha 1988 alikiri mwenyewe kupasuliwa pua mara mbili. Uturuki nao imegeuza kazi hii kuwa biashara kubwa: unalipa mara moja, wanakupokea uwanjani, hoteli, mkalimani, operesheni, wanakurudisha uwanjani. Bei zinazotangazwa mara nyingi ziko kati ya dola 2,500 na 5,000, na Ulaya Magharibi inaweza kuwa mara mbili ya hapo. Tusisahau kwamba hapa kwetu mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa shule ya msingi haufikii hiyo 5,000.

Mimi sikumkataza. Kwanza ni mtu mzima na pesa ni za jasho lake. Pili, kuna unafiki fulani katika namna tunavyoongea mambo haya. Tunacheka anayepasuliwa pua, lakini mukorogo unauzwa kila soko na hakuna anayeshangaa kuona uso mweupe juu ya vidole vyeusi. Nilimwomba kitu kimoja tu: aonane kwanza na munganga wa masikio, pua na koo hukohuko Bruxelles. Alikubali. Munganga akamwonyesha kwamba ukuta wa katikati ya pua umepinda, na kwamba hiyo inaweza kunyooshwa peke yake, kwa ajili ya pumzi, bila kugusa sura. Akamwambia pia kwamba bima ya afya mara nyingi inaangalia kuziba kwa pumzi kwa jicho tofauti na urembo. Alirudi nyumbani akafikiri mwezi mzima. Mwishowe akataka vyote viwili, na akaenda Istanbul.

Sasa tuseme kazi yenyewe. Pua juu ni mfupa, chini ni gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio. Mgonjwa analazwa usingizi wa dawa, na operesheni inachukua masaa mawili matatu hivi. Mpasuaji anaingia kwa ndani ya matundu, ao anakata pia kidogo ule ukuta mdogo kati ya matundu ili ainue ngozi na aone vizuri. Nundu inasagwa, mara nyingi mifupa ya pembeni inavunjwa kwa makusudi na kusogezwa, gegedu inakatwa na kushonwa. Kwa pua nyingi za Waafrika kazi haiishii kupunguza. Ngozi ni nene na gegedu ni laini, kwa hiyo mpasuaji anayejua kazi anaongeza nguvu ndani: anatoa kipande cha gegedu katika ukuta wa pua, ao nyuma ya sikio, ao kwenye ubavu, anakiweka kama mti wa kushikilia paa. Aliyezoea pua za Wazungu na Waturuki peke yake anaweza kukata, kukata, na mwisho ncha ikaanguka na pumzi ikazibika. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna hatari zaidi ya keloidi, lile kovu linalovimba. Puani ni nadra, lakini sikioni na kifuani, mahali wanapotoa gegedu, linaweza kutokea. Kama uliwahi kutoboa sikio likafanya uvimbe, sema mapema.

Kupona ndiko kunakofichwa kwenye matangazo. Matangazo yana picha mbili, kabla na kisha, na katikati hakuna kitu.

Katikati yalikuwa hivi. Siku ya kwanza alipumua kwa mdomo, midomo ikakauka, damu kidogo ikadondoka kwenye pamba. Siku ya pili na ya tatu macho yalivimba mpaka akaonekana kama mtu aliyepigwa na wezi. Mama yake alimwona kwenye video akazima simu. Alilala kichwa juu ya mito mitatu. Maumivu yenyewe, alisema, hayakuwa makali sana, kilichomchosha ni kuziba na kukosa usingizi. Kupenga kamasi ni marufuku wiki mbili hivi. Ukitaka kupiga chafya, unafungua mdomo. Hakuna aspirini wala ibuprofeni bila ruhusa ya munganga, kabla na kisha, sababu zinaongeza kutoka damu. Sigara inachelewesha kidonda.

Siku ya saba plasta ikatolewa. Hapo ndipo wengi wanalia, na yeye alilia. Pua iliyotoka chini ya plasta ilikuwa nene kuliko ile aliyoenda nayo. Hakuna aliyemwonya vizuri kwamba uvimbe ndio kwanza unaanza kushuka. Sehemu kubwa inaondoka katika wiki za mwanzo, lakini ncha inakawia, na sura ya kweli inahesabiwa kisha mwaka mmoja. Kwa ngozi nene inaweza kupita mwaka na nusu. Miezi yote hiyo ncha inakuwa ngumu na ganzi, asubuhi imevimba, jioni imeshuka kidogo.

Kwa kawaida mtu anashauriwa asipande ndege mpaka siku 7 ao 10 zipite. Yeye alipanda siku ya nane, tiketi ilikuwa imekatwa hivyo na hakuna aliyemuuliza.

Halafu kazi. Mtu wa ofisi anaweza kurudi kisha wiki mbili, michubuko ikiwa imepungua. Lakini kuinua vitu vizito na michezo vinaomba kungoja kama wiki sita hivi, na yeye kazi yake yote ni kuinua watu. Zaidi ya hayo, mzee aliyechanganyikiwa anaweza kurusha mkono bila kukusudia. Alikuwa amehesabu likizo ya wiki mbili. Nne zilizobaki zilimla pesa kuliko alivyofikiri, na hakuna tangazo lililoziandika kwenye bei. Miwani pia: haikutakiwa kukaa juu ya mfupa ambao haujashika, basi akaifunga kwa utepe kwenye paji la uso. Wazee kazini, aliporudi, walimcheka kwa upendo.

Wiki ya tano aliamka upande mmoja umevimba zaidi na unauma. Aliandika kwa kliniki, wakamjibu kwa watsapu: tuma picha. Akatuma. Wakasema ni kawaida. Munganga wa Bruxelles alimpokea, lakini alisema wazi kwamba hapendi kugusa kazi ya mwingine asiyejua alichofanya ndani, kwa kuwa yeye hakuwa na ripoti ya operesheni. Uvimbe ulishuka kwa dawa. Ingekuwa hapa kwetu, angeenda wapi? Tuna waganga wenye mikono mizuri: Panzi, iliyofunguliwa 1999, imewarudishia wanawake maisha, Ndosho ku Goma wametengeneza miili ya waliopigwa risasi. Ku Haut-Uele kuna watu ambao LRA iliwakata midomo na masikio, na hao ndio wa kwanza kwenye foleni ya kutengenezewa uso. Lakini kurekebisha operesheni ya pua iliyoharibika ni ufundi mwingine, mgumu kuliko operesheni ya kwanza, na waganga wenyewe wanasema kati ya wagonjwa 100, 5 mpaka 15 wanaweza kuhitaji kupasuliwa tena.

Kwa hiyo mtu wa Kivu anayefikiri kupitia Kigali, Bujumbura ao Entebbe kwenda kule, kabla ya kuuza kiwanja cha baba, aombe mambo haya kwa maandishi: jina la mpasuaji mwenyewe, si la kliniki tu, kibali cha wizara ya afya ya Uturuki cha kupokea wagonjwa wa nje, sababu kibali hicho kipo, picha za watu weusi aliowapasua, za mwaka mmoja kisha, siyo za wiki ya pili, ripoti ya operesheni ya kubeba nyumbani, na nani analipa kama kunahitajika kurudia. Akijibiwa kwa "usijali dada yangu, punguzo linaisha ijumaa", basi amepata jibu. Na kijana ambaye hajafika miaka 17 ao 18 angoje, pua yake bado inakua. Homa, usaha, damu isiyokatika, uvimbe unaoongezeka upande mmoja pamoja na maumivu: hayo si ya kutuma picha, ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Leo yuko mwezi wa saba. Anapumua kwa matundu yote mawili, na anasema usiku halali tena mdomo wazi. Hiyo peke yake, kwake, inalipa deni. Nundu imeondoka. Pua haikuwa nyembamba sana, alimwomba mpasuaji hivyo baada ya mama yake kulia, ingawa hakumweleza Mturuki ni kwa nini. Mama yake sasa anakubali kuongea naye kwa video, akiangalia zaidi kwenye macho. Pasipoti yake ina picha ya zamani, na akija kutuona mwezi wa kumi na mbili itabidi apite mipaka na barrière na sura hizo mbili mkononi. Tunajadiliana kama aibadilishe kabla ya safari. Kipimo cha mwaka mmoja kiko Istanbul, na tiketi yake bado hajakata.