TUPIME CHANJO KWA KIPIMO CHA HAKI



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu wa Mbulu na Hanang, tangu mwaka 2021 maneno juu ya chanjo yamekuwa mengi, vijiweni na hata kwenye baraza za misikiti. Wapo wanaosema Watanzania tulikuwa wa mwisho katika kuchanja UVIKO-19 kwa sababu ya ujinga. Wapo wanaosema nchi zilizochanja sana ndizo zilizozika sana, basi chanjo haina faida. Na kutoka hapo mama anaacha hata kumpeleka mtoto kliniki kwa chanjo ya surua. Kauli zote mbili zinalinganisha nchi na nchi, na zote mbili zinapunja kipimo.

Sote tumesoma Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Mimi naona upunjaji hauishii dukani. Mkulima wa hapa akitajiwa bei ya gunia la vitunguu saumu huuliza kwanza: gunia la kawaida au lumbesa? Ukitajiwa asilimia nawe uliza: asilimia ya nani?

Hapa kwetu chanjo ya UVIKO-19 ilitolewa kwa wenye miaka 18 na kuendelea, na karibu nusu ya Watanzania hawajafika umri huo. Hebu tupige hesabu ya mfano. Kijiji cha kwanza kina watu 100, watu wazima ni 50, wamechanjwa 40. Kijiji cha pili kina watu 100, watu wazima 85, wamechanjwa 51. Ukigawa kwa watu wote, cha pili kinaongoza, 51 kwa 40. Ukigawa kwa watu wazima, cha kwanza kina asilimia 80 na cha pili 60. Kijiji cha kwanza kinafanana na Tanzania, cha pili na Japani.

Tarehe nazo zina neno. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021. Sisi tulipokea dozi 1,058,400 za Janssen tarehe 24 Julai, na Rais Samia akazindua chanjo tarehe 28. Anayelinganisha nchi hizi mbili kwa takwimu za Agosti mwaka ule analinganisha shamba lililopandwa mapema na lililopandwa jana. Tena Janssen ilikuwa dozi moja, wakati AstraZeneca ya Kenya ilikuwa mbili, kwa hiyo kuhesabu dozi si kuhesabu watu.

Lakini haki haina maana ya kujitetea. Februari 2021 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa haina mpango wa kupokea chanjo hizo. Tulichelewa kwa uamuzi wetu, na hilo hesabu hailifuti.

Ama hao wanaohesabu makaburi, ugonjwa ule uliua zaidi wazee. Italia karibu mtu 1 katika kila 4 ana miaka 65 au zaidi. Kwetu hawafiki 5 katika 100. Maelfu kwa maelfu ya Waitalia walizikwa mwaka 2020, kabla chanjo haijawafikia. Na sisi tuliacha kutangaza takwimu Mei 2020, tukakaa zaidi ya mwaka. Asiyehesabu atajisifuje kwa hesabu ndogo?

Kwa chanjo za watoto ni vivyo hivyo. Utafiti wa Afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 75 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 wamepata chanjo zote za msingi, ila Penta ya tatu peke yake ilifika 89. Nchi ni moja na mwaka ni mmoja, idadi mbili. Jirani akitaja moja nasi tukataja nyingine, tumedanganyana bila mtu kusema uongo.

Hata wilaya na wilaya. Mtoto wa Bassotu, Hanang, akichanjwa Haydom, jina lake linaingia kwenye daftari la Mbulu. Mbulu inaweza kupita asilimia 100, Hanang ikaonekana wazembe. Na mtoto wa mfugaji aliyehama na ng'ombe huenda hayumo katika daftari lolote. Kwa hiyo mama, itunze kadi ya kliniki. Chanjo ya surua ni miezi 9, kisha miezi 18. Ya pili ndiyo wengi huisahau.