Ukilala Lamu kama Mgeni



Ukishuka Lamu likizo hii, kabla hujakimbilia Shela, jaribu kulala japo usiku mmoja kwenye zile nyumba za mawe za Mji wa Kale zilizokarabatiwa zikawa za kulaza wageni. Chumba na chai ya asubuhi, basi. Bei usiniulize.

Utaingilia dakani, kwenye yale mabaraza ya kumpokea mgeni bila kumfikisha kwa watu wa ndani. Sitara hiyo, ilijengwa makusudi. Ukiingia utaona boriti za mikoko na zidaka za chokaa. Aliyekarabati tumpe haki yake: katumia chokaa. Saruji huufungia ukuta wa matumbawe unyevu na chumvi, mwisho plasta inamenyuka. Wanaopaka saruji ni sisi wenyewe, wallahi.

Asubuhi nililetewa mahamri na mbaazi na kijana mmoja. Nikamuuliza, hii nyumba ilikuwa ya nani? Akasema, "Ya babu yake baba." Leo anabeba trei humo humo. Kazi ni halali, sina neno nayo. Lakini ilitokaje mikononi mwao? Mzee alifariki, mirathi haikugawanywa. Warithi wakazidi kuwa wengi, huyu Mombasa, yule Jidda. Paa likavuja, hakuna wa kutoa pesa. Akaja mtu na taslimu, kila mmoja akatia sahihi karatasi ya Kizungu ambayo hakuisoma.

UNESCO iliuandika mji huu Urithi wa Dunia mwaka 2001. Haya, dunia imerithi. Na warithi je?

Sikiza, na umwambie na mzee wako nyumbani. Katiba ya 2010, kifungu cha 65: asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya daima. Anakodi tu, na mwisho ni miaka 99. Kampuni nayo haihesabiwi raia mpaka iwe yote ni ya raia. Kwa hivyo mtu akija na mkoba, hebu uliza kwa nini isiwe kukodisha miaka michache: akarabati, avune chake, nyumba irudi. Miaka 99 ni kitukuu chako huyo ndo ataiona.

Na mirathi msiiache ikaoza. Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo, kifungu cha 170, mkiwa nyote Waislamu na mmekubali kwenda huko. Mkiogopa kwamba mmoja atauza fungu lake, zungumzeni na kadhi juu ya wakfu mapema, mzee akiwa hai na akili timamu. Akishafariki, hilo si lake tena kuamua.

Yule kijana alinisindikiza mpaka jeti. Nikamuuliza kama ile karatasi ipo. Akasema nakala iko kwa shangazi yake, chini ya sanduku. Nimemwambia aitoe, tuisome pamoja.