Sheria Iliyokosekana Ukutani mwa Maabara

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya maabara yetu ya Baiolojia. Najua wenzangu wengi hungoja habari za mpira na vitendawili, lakini nawasihi wanivumilie.

Ukutani mwa maabara yetu imebandikwa karatasi ya sheria. Sote twazijua kwa moyo, maana kila aingiaye kidato cha kwanza huzinakili daftarini. Usile wala usinywe humu, usionje dawa, usikimbie, chombo kikivunjika mwarifu mwalimu, nawa mikono utokapo. Ni sheria njema, wala sina ugomvi nazo. Lakini zote zalinda ama chupa ama ngozi. Hakuna hata moja inayomlinda mwanafunzi na ulimi wa mwenzake.

Muhula uliopita tulijifunza mapigo ya moyo. Kila mmoja aliwekewa vidole kifundoni mwa mkono na jirani yake, akahesabiwa kwa dakika moja akiwa ametulia, kisha akahesabiwa tena baada ya kukimbia hadi mwembeni na kurudi. Mwalimu alitoka kidogo kufuata chaki. Mimi nilikuwa mwandishi wa ubaoni. Ikafika zamu ya mwenzetu mmoja, akahesabiwa 108, naye alikuwa ameketi kimya hata jasho hana. Nikaiandika ile namba kwa herufi kubwa, nikaizungushia duara, na mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu ni bodaboda!" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, sitaki kusema uongo. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bodaboda, bwenini, bwaloni, hata kiwanjani.

Wiki tano baadaye kijana yule alianguka akiwa katika kazi za asubuhi. Zahanati wakamwona ana upungufu mkubwa wa damu, tena ana safura. Damu ikiwa hafifu, moyo hauna budi kupiga mbio ili hewa ifike mwilini. Ndiyo ile 108 tuliyoichekea. Nilipokwenda kumtazama aliniambia kwamba alikuwa anasikia kizunguzungu siku nyingi, ila aliogopa kwenda kupimwa, asije akatoka na namba nyingine ya kuchekwa. Sasa hajambo, amepewa dawa za minyoo na vidonge vya madini ya chuma. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Amekubali, kwa sharti nisitaje jina wala kidato chake.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani Kikole, nikamkuta binamu yangu anayesomea udaktari Dar es Salaam, mji ambao mafunzo ya udaktari yalianzishwa mwaka 1963. Tulikuwa tunakung'uta ufuta wa bibi, nikamsimulia habari yote. Hakunilaumu. Jioni alinionyesha karatasi za maagizo ya maabara yao ya fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi.

Mengine ni kama yetu, ila makali zaidi. Mwanafunzi aje akiwa amekwisha kulisoma jaribio la siku hiyo. Avae koti jeupe na viatu vinavyofunika vidole. Mdomo wa chombo cha kupimia pumzi usishirikiwe na watu wawili. Sindano ya kutobolea kidole hutumika mara moja tu kwa mtu mmoja, kisha hutupwa katika sanduku gumu, kwa sababu tone moja la damu laweza kubeba homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Lakini maagizo yaliyonisimamisha yalikuwa ya namna nyingine. Katika maabara ile kitu kinachopimwa mara nyingi si chura wala panya, ni mwanafunzi mwenyewe. Hupimana shinikizo la damu, hupimana pumzi, hukimbizana. Kwa hiyo imeandikwa kwamba hapana mtu atakayelazimishwa kupimwa, wala hatapunguziwa alama kwa kukataa. Mwenye ugonjwa amwambie mwalimu kwa faragha. Yanayosomwa katika mwili wa mtu yasitoke mezani. Yakionekana yasiyo ya kawaida, aambiwe mwalimu kwa sauti ya chini, naye amwelekeze mhusika kwa daktari. Na mwisho: andika ulichokiona, usiandike ulichokitazamia.

Mwanzoni nilidhani hili la mwisho halina uhusiano na yale mengine. Kisha nikakumbuka madaftari yetu. Baada ya kile kicheko, meza yetu nzima iliandika mapigo 72 kama kitabu kisemavyo, utadhani tumezaliwa na mama mmoja! Ya kwangu yalikuwa 88. Nami niliandika 72. Kumbe mahali wanapochekana watu, hapaandikwi kweli.

Na kweli hiyo ina thamani kubwa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani juu ya malaria. Katika jaribio lake walikuwamo wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wenye chembe ile na 15 wasio nayo, wakatiwa vimelea vya malaria. Kati ya wasio nayo, 14 walionekana na vimelea. Kati ya wenye nayo, 2 tu. Mtazameni yule mmoja na wale wawili waliokwenda kinyume na wenzao. Mtu wa meza yetu angalikwisha kuwasahihisha.

Kutia watu malaria kwa makusudi si jambo la mchezo, na siku hizi halifanywi ila kwa idhini ya kamati za maadili. Mwaka 2012 jaribio la namna hiyo lilifanyika Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya ya Ifakara, kwa vijana wa Kitanzania waliojitolea wenyewe, kisha wakatibiwa. Katika majaribio kama hayo mtu huelezwa kwanza, hutia sahihi, na aweza kujitoa wakati wowote. Basi ikiwa hata huko mtu ana haki ya kusema "sitaki tena", kwa nini mwenzetu asiwe nayo kwa kuhesabiwa mapigo tu?

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema, "Sisi ni watoto wa sekondari, hayo ni ya madaktari." Lakini mwili wa mtoto wa sekondari nao ni mwili, na safura haiulizi mtu yuko kidato gani. Wengine watasema kwamba tukifichana hesabu hatutajifunza. Sikusema tufichane. Hesabu zaweza kuandikwa ubaoni bila majina, kila mtu akiweka yake kwa kikaratasi kilichokunjwa, na wastani ukapatikana vile vile. Mwalimu wetu amekwisha kulijaribu jambo hilo wiki iliyopita tulipopima pumzi, na safari hii hapakuwa na namba mbili zilizofanana katika meza yetu.

Basi ombi langu kwa walimu ni dogo. Chini ya ile sheria ya kunawa mikono pana nafasi ya mistari miwili. Nimeandika hivi: "Hakuna atakayepimwa bila ridhaa yake. Ulichokisoma katika mwili wa mwenzako mwambie yeye na mwalimu, basi." Karatasi ninayo tayari, na mwenzetu yule ameikagua, akaniambia mwandiko wangu ni mbaya, ataiandika yeye. Kilichobaki ni gundi.