Mchezaji wa Bei Kubwa na Mzigo wa Oktoba



Popote watu wanapokusanyika kutazama michezo, huzuka hukumu moja isiyongoja shahidi: mwenye mshahara mkubwa akikosea siku ya mechi kubwa, husemwa kwamba ana moyo mdogo. Tumeisikia uwanjani, tumeisikia mbele ya televisheni, na, tuseme ukweli, sisi wenyewe tumeitamka. Leo twataka kuipima hukumu hiyo kwa mfano wa mtu ambaye Wamarekani walibishana juu yake kwa miaka mingi: Alex Rodriguez, mchezaji wa besiboli. Tumemchagua kwa sababu mchezo wake huandika kila tendo kwa hesabu, na mbele ya hesabu kelele zetu hulazimika kujieleza.

Kwa kuwa besiboli haichezwi sana kwetu, tueleze kwa ufupi. Mrushaji hutupa mpira kwa kasi kubwa, na mpigaji mwenye gongo hujaribu kuupiga apate kukimbia salama hadi kituo cha kwanza. Kazi hiyo ni ngumu mno, hata anayefaulu mara 3 katika nafasi 10 huhesabiwa miongoni mwa mabingwa. Kila timu hucheza mechi 162 kwa muda wa miezi sita. Kisha timu chache zilizo bora huingia katika michuano ya mtoano ya mwezi wa Oktoba, na huko mechi 3 mbaya zaweza kufuta kazi ya mwaka mzima.

Rodriguez alizaliwa New York mwaka 1975, wazazi wake wakiwa wametoka Jamhuri ya Dominika. Mwezi wa Desemba 2000, akiwa na miaka 25, alitia sahihi mkataba na klabu ya Texas Rangers: dola milioni 252 kwa miaka 10. Mkataba wa namna hiyo ulikuwa haujaonekana katika michezo ya Marekani. Ulizidi hata fedha ambazo mmiliki alikuwa amelipa miaka michache nyuma kuinunua klabu nzima. Tangu siku ile jina lake halikutajwa tena bila bei yake, na alipoinua gongo watu walikuwa wakihesabu dola.

Mwaka 2004 alihamia New York Yankees, klabu yenye mashabiki wasio na subira. Oktoba ya kwanza ilianza vizuri: dhidi ya timu ya Minnesota alifaulu mara 8 katika nafasi 19. Ndipo wakakutana na Boston. Yankees walishinda mechi 3 za kwanza, wakahitaji moja tu. Wakapoteza 4 mfululizo, jambo ambalo halijapata kutokea katika michuano ya besiboli. Katika mechi ya sita Rodriguez, akiwa mbioni kuelekea kituo cha kwanza, alimpiga mrushaji mkononi hata mpira ukaanguka, na waamuzi wakamtoa. Picha ya tendo lile ikamfuata kama kivuli. Mwaka 2005 alifaulu mara 2 katika nafasi 15. Mwaka 2006 mashabiki wake wenyewe walimzomea, na Oktoba ilipofika akafaulu mara 1 tu katika nafasi 14. Kocha akamshusha hadi wa 8 katika orodha ya wapigaji 9. Mwaka 2007 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, baada ya kupiga mipira 54 iliyovuka uzio. Lakini Oktoba alifaulu mara 4 katika nafasi 15, na timu yake ikatolewa mapema tena.

Basi hukumu ikaandikwa: huyu ni shujaa wa mechi ndogo, siku kubwa humtetemesha.

Tuichunguze. Katika miaka hiyo mitatu ya aibu, 2005 hadi 2007, nafasi zake zote za Oktoba ni 44. Katika msimu wa kawaida, hiyo ni kazi ya wiki mbili hivi. Hakuna mpigaji duniani asiye na wiki mbili mbaya kila mwaka. Zikimpata mwezi wa Mei, hakuna anayezikumbuka. Zaidi ya hayo, mtu huyohuyo mwaka 2000, akiichezea Seattle kabla ya mkataba mkubwa, alifaulu mara 9 katika nafasi 22 dhidi ya Yankees katika michuano hiyohiyo. Na mwaka 2009, akiwa na mkataba mpya wa dola milioni 275, alifaulu mara 19 katika nafasi 52. Mipira 6 ilivuka uzio, miwili kati yake ikiokoa mechi zilizokuwa karibu kupotea, na Yankees wakawa mabingwa. Kama moyo wake ulikuwa mdogo, ule wa mwaka 2009 aliuazima wapi?

Tumtazame pia mwenzake, Derek Jeter, aliyesifiwa kuwa mtu wa siku kubwa. Jeter alicheza mechi 158 za mtoano, karibu msimu mzima. Katika mechi za kawaida wastani wake ulikuwa mara 310 katika nafasi 1000. Katika mtoano ulikuwa 308. Sifa zote alizopewa, nasi hatumnyang'anyi, zatuonyesha jambo rahisi: aliyepewa siku za kutosha alikuwa yuleyule, Oktoba na miezi mingine.

Hata hivyo hatutaki kumtetea mtu kwa kuficha nusu ya daftari. Wastani wa Rodriguez katika maisha yake yote ya mchezo ulikuwa 295 katika 1000. Katika mtoano ulishuka hadi 259. Ni kweli kwamba Oktoba hukutana warushaji walio bora, lakini kushuka ni kushuka. Mwaka 2011 alifaulu mara 2 katika nafasi 18. Mwaka 2012 kocha alimpumzisha katikati ya mechi, na aliyeingia mahali pake, Raúl Ibañez, akapiga mpira wa kusawazisha na baadaye mpira wa ushindi, yote miwili ikavuka uzio. Hatusemi basi kwamba Rodriguez hakuwahi kutetemeka. Twasema kwamba nafasi chache za Oktoba ni kibanzi kidogo mno kuandikia hukumu juu ya moyo wa mtu.

Na hapa ndipo tunapofikia maoni yetu. Twaona kwamba Wamarekani waliulizana swali la kweli, lakini walilitafutia jibu mahali pasipo pake. Je, mchezaji huyu alivunjwa na mzigo? Ndiyo, alivunjwa, lakini Oktoba si mahali alipovunjikia.

Mwezi wa Februari 2009 gazeti moja lilifichua kwamba mwaka 2003 vipimo vilimkuta na dawa za kuongeza nguvu zilizokatazwa. Mwaka 2007, alipoulizwa katika televisheni, alikuwa amekana. Sasa akakiri kwamba alitumia dawa hizo alipokuwa Texas, kuanzia 2001 hadi 2003, na akaeleza sababu: alihisi uzito mkubwa wa kuthibitisha kwamba anastahili mkataba ule. Tukumbuke kwamba katika miaka hiyo mitatu timu ya Texas ilimaliza ya mwisho katika kundi lake, wala haikufika Oktoba hata mara moja. Hapakuwa na mechi kubwa, wala hapakuwa na uwanja uliojaa ukimngoja akosee. Watu walikuwa wakimshangilia, na mwaka 2003 walimpa heshima ya mchezaji bora wa ligi. Alianguka wakati wa makofi, mahali ambapo hapana jicho lililomwona.

Tungependa kumalizia hapo: alikiri, akatua mzigo, na mwaka uleule akawa bingwa. Ingekuwa hadithi tamu. Lakini haikuishia hivyo. Kwa kosa jingine la dawa alifungiwa msimu mzima wa 2014, mechi zote 162. Alipostaafu mwaka 2016 alikuwa amepiga mipira 696 iliyovuka uzio, na hakuna anayeweza kutuambia ni mingapi kati ya hiyo iliyo yake kweli. Kukiri baada ya kufichuliwa ni hatua, lakini hakumwondolei mtu ile hofu iliyomsukuma kukosea.

Vijana wenzetu, kwetu hapana mtu mwenye mkataba wa dola milioni 252. Lakini bei twaijua. Yupo kijana ambaye ukoo mzima umemchangia karo ya shule: baba mdogo ameuza mbuzi, shangazi ametoa faida ya soko, na kila anapokwenda kusalimu huambiwa, «Wewe ndiwe tumaini letu.» Maneno hayo ni ya upendo. Lakini yakirudiwa kila siku huwa bei iliyobandikwa kifuani, na kijana huanza kuamini kwamba asipofaulu mtihani wa Serikali atakuwa mwizi wa jasho la wengine. Siku ya mtihani sote twamwombea, tukidhani ndiyo siku ya hatari. Hatari yaweza kuwa ilikuja wiki mbili kabla, usiku, mtu alipomwendea na majibu ya kuuza.

Ndiyo sababu hatupendi kumcheka mchezaji anayekosa siku ya fainali. Kukosa hadharani, baada ya kujaribu kwa nguvu zako mwenyewe, hakumwondolei mtu chochote cha thamani. Kesho atapewa nafasi nyingine, na hata mabingwa hukosa mara 7 katika 10. Kinachomwondolea mtu thamani ni kuinunua thamani hiyo kwa siri, kwa kuwa hata akishinda hajui aliyeshinda ni nani.

Basi tuwe na kazi mbili. Aliyebebeshwa mzigo asiubebe kimya. Amtafute mtu mmoja wa kuaminika, amwambie wazi, «Ninaogopa kuwaangusha,» kabla hofu hiyo haijamtafutia njia ya mkato. Nasi tunaobebesha wengine, iwe katika familia, katika timu au katika kikundi chetu, tujifunze kumwambia kijana, kabla ya mtihani na si baada yake, kwamba akirudi mikono mitupu atakuta sahani yake mezani kama jana.

Katika mkutano wenu ujao, muulizane hivi: ni nani kati yetu anayebeba bei asiyoweza kuilipa, na ni nani aliyembandikia?