Kivu: Mikanda ya ngoma za wazee isitupwe

Ngoma ya zamani ikilegea, wengi wanakimbilia kamba ya nailoni. Mikanda ya ngozi inakatwa, inatupwa jalalani, na jioni ngoma inalia tena. Wanasema imetengenezwa. Kweli imeharibiwa.

Ngoma nyingi za Maziwa Makuu zina ngozi mbili, ya juu na ya chini, zinazovutwa na mikanda ya ngozi mbichi. Mikanda hiyo ndiyo kazi ya mkono wa fundi: upana wake, mafundo yake, njia inayopita. Nailoni ni nyembamba na ngumu. Inakata matundu ya ngozi ya zamani mpaka inapasuka. Kisha ngozi nayo inabadilishwa, na cha babu kinabaki mti mtupu. Mafuta ya injini na gundi navyo havitengenezi kitu, vinaharibu tu.

Kutengeneza vizuri kunawezekana. Toa tu kipande kilichooza. Kata mkanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe wenye upana uleule, uloweke mpaka ulainike, uupitishe katika matundu yaleyale. Usivute kwa nguvu nyingi, kwa sababu ngozi mbichi ikikauka inajikaza yenyewe. Ikauke kivulini. Mkanda mpya usipakwe rangi ili uonekane wa zamani: huo ni uongo kwa wajukuu. Kipande kilichotolewa kihifadhiwe pamoja na ngoma.

Watasema: familia imekimbia vita, nani ana ngozi? Basi ngoma ikae imelegea. Ngoma iliyolegea haijafa. Iwekwe juu ya mbao, ifunikwe kwa kitambaa, si kwa plastiki inayofungia unyevu na kuleta ukungu.

Mwezi wa 6 mwaka 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo. Wakongomani waliuliza, na walikuwa na haki: mtu anakopeshwaje mali yake? Lakini swali hilo linapoteza nguvu ikiwa vilivyobaki nyumbani vinakatwa kwa kisu cha jikoni.

Viongozi wa vikundi vya ngoma wawatafute wazee wanaojua kufunga mikanda, wawakalishe na vijana sasa hivi, hata kambini. Mzee akiondoka, hakuna nailoni itakayofunga pengo lake.