Mrudishieni Mtoto wa Chekechea Mchanga Wake

"Shuleni kwetu hatuchezi. Watoto wa PP1 wanaandika." Maneno haya aliyatamka mwenye shule moja ya kibinafsi huku kwetu pwani ya kusini ya Kenya, kipaza sauti mkononi, siku ya mahafali ya watoto wa miaka mitano waliovishwa majoho na kofia za chuo kikuu. Wazazi wakapiga makofi. Akina mama wawili watatu wakapiga vigelegele. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya watoto, maana ilikuwa siku yao. Leo sinyamazi.

Kuanzia Ukunda mpaka Galu, Kinondo hadi Msambweni, imani imeshika mizizi kwamba chekechea nzuri ni ile inayojaza daftari. Mtoto akirudi nyumbani na kurasa nne za herufi, mzazi anaona ada yake imefanya kazi. Akirudi na mchanga kwenye nywele, mzazi anaona ameibiwa. Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoilipia ni watoto ambao hata kamba za viatu hawajajua kufunga.

Jirani yangu wa Galu alinijia jioni moja na daftari la mwanawe. "Shoga, hebu niangalizie. Mwalimu asema mtoto yuko nyuma." Nikalifungua. Ukurasa mzima ulikuwa herufi "a". Mistari miwili ya juu mwalimu ameichora kwa nukta ili mtoto afuatishe. Kuanzia mstari wa tatu herufi zinaanza kulala, kisha zinavimba, kisha zinatoka nje ya mstari kabisa. Katikati ya ukurasa mtoto amefuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Ongeza bidii." Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni mwa mamake, penseli kaikamata kwa kiganja kizima kama mtu ashikaye mwiko wa sima. Ana miaka minne.

Aongeze bidii gani? Mtoto anapozaliwa, mifupa midogo ya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu laini. Inageuka kuwa mifupa kamili polepole, mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo huchukua miaka kumi au zaidi. Ndiyo maana daktari akitaka kukadiria umri wa mtoto hupiga eksirei ya mkono. Mwalimu aliyeandika maneno yale kwa wino mwekundu alikuwa anamlaumu mtoto kwa mifupa ambayo Mungu hajamaliza kuikaza.

Tena hata yule anayeweza kuandika, mara nyingi hajui alichokiandika. Hili ndilo ninalotaka wazazi walishike: kuandika si kujua. Nimemwona mtoto wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, aliyejaza daftari kwa tarakimu kutoka 1 hadi 50, maandishi safi ya kupendeza. Nikamwomba aniletee sahani tatu kutoka jikoni. Akaja na sahani zote zilizokuwa kwenye kichanja, amezikumbatia kifuani, akaniuliza zinatosha? Tatu kwake ilikuwa umbo la kuchora kwenye mstari. Haikuwa sahani, haikuwa samaki, haikuwa watu wanaosubiri kula.

Sasa nenda ufukwe wa Galu maji yakiwa yamekupwa. Utawakuta watoto wa rika lake, wengine hawajaona mlango wa darasa, wamekusanya simbi kwenye vifuu. Niliwahi kusimama nikawatazama. Binti mmoja aligawa zake kwa wenzake watatu na nafsi yake: moja kwako, moja kwako, moja kwako, moja kwangu, mpaka zikabaki mbili. Ukazuka ugomvi. Kila mmoja alitaka zile mbili. Baada ya kelele ndefu waliafikiana apewe yule aliyepata ndogo-ndogo, ili wote wawe sawa. Pale walihesabu, wakagawa, wakapata baki, wakapima ukubwa, wakajadiliana, wakahukumu. Hakuna aliyeshika penseli. Na mchezo huo ndio yule mwenye shule anajisifu kwamba kwake haupo.

Wanaoanzisha chekechea za kuandika hujiita watu wa kisasa. Hawajui hata historia ya kitu wanachokiuza. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule ya kwanza ya namna hii mwaka 1837, aliwapa watoto vibao na mipira ya kuchezea, nyimbo, na vitalu vya kupanda mimea. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907, aliwapa vitu vya kushika, kupanga na kumimina. Kule Finland, nchi ambayo viongozi wetu wa elimu hupenda kuitaja, mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba.

Na tusiende mbali. Hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, mwalimu Bi Swafiya Said alizunguka misikitini na mitaani akizungumza na wazazi Waislamu ambao watoto wao walikuwa wanaachwa nyuma, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan zikaanzishwa chekechea zilizounganisha dini, utamaduni wa pwani na mchezo. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, vitambaa, mikeka, vitu ambavyo mama yeyote wa Kidigo anavyo uani. Mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Peter Mwaura, Kathy Sylva na mwenzao walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wao kuhusu watoto wa sehemu hizo tatu: waliopitia chekechea hizo walipiga hatua kubwa kuliko waliobaki nyumbani, na kubwa pia kuliko waliosoma chekechea za kawaida. Vifuu vilishinda madaftari, na vilishinda hapa hapa pwani.

Wengine huniambia, "Lakini kwenye chuo cha Kurani tulianza alifu tukiwa na miaka minne, na tumekuwa watu." Wasomi wetu wenyewe wameshawajibu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishauri katika kitabu chake Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri apumzike, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo bila kikomo huua moyo wake na kufifisha akili yake. Mtu wa karne ile, asiyejua eksirei, aliliona jambo ambalo mwenye shule wa leo mwenye basi na jenereta haoni.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kuliko zote, na iliyo dhaifu kuliko zote, ni ya simu. "Watoto wa siku hizi wajanja, simu anaifungua mwenyewe, anatafuta katuni mwenyewe, kwa nini asiandike?" Simu imetengenezwa ili kidole chochote kiifungue. Kusukuma kioo kwa kidole hakumfundishi mtoto kushika penseli, kusubiri zamu, wala kutunga sentensi. Tena mtoto anayeshinda na simu ndiye anayehitaji mchanga kuliko wote, kwa sababu vidole vyake havijashika kitu chenye uzito tangu asubuhi. Mzazi anayeleta hoja hii anachukua ugonjwa na kuuita cheti cha afya.

Waliojaribu kuwaharakisha watoto kwa kiwango kikubwa wameyaona matokeo yake. Katika jimbo la Tennessee huko Marekani, watafiti waliwafuata karibu watoto 3,000 ambao wazazi wao waliomba nafasi katika chekechea za serikali, wengine wakapata kwa bahati nasibu, wengine wakakosa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba walipofika darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa nyuma ya waliokosa, na walikuwa na makosa mengi zaidi ya nidhamu. Mmoja wa watafiti hao, Dale Farran, amesema waziwazi kwamba tunawataka watoto wadogo wakae, wanyamaze na wafuate amri kwa muda mrefu mno. Hata kama kuna sababu nyingine, nani atathubutu kuniambia kwamba haraka ile iliwasaidia?

Basi kwa nini haraka? Jibu liko kwenye geti la Gredi ya Kwanza. Shule nyingi za kibinafsi humpa mtoto wa miaka mitano mtihani wa kuingia: aandike jina, asome sentensi ya Kiingereza, ajumlishe. Akishindwa, anarudishwa. Chekechea nazo zinafundisha mtihani huo na kuacha kulea. Tuliambiwa mfumo mpya wa elimu unakuja kuua mbio za alama. KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tukashangilia. Mbio hazikufa. Zimeshuka kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na nne hadi kwa mtoto wa miaka mitano, ambaye hata hawezi kusema amechoka.

Mtaala wenyewe hauna lawama hiyo. Vipindi vya PP1 na PP2 ni vya nusu saa, na vinaitwa shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu. Mwalimu aliyesomea malezi ya watoto anajua maana yake. Lakini anafika shuleni anamkuta mkurugenzi anayemwambia wazazi wanataka kuona kurasa. Na mwalimu huyo anahofia kazi yake, kwa sababu wa chekechea ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote na ndiye wa kwanza kuachishwa. Watu wanaomwamini mtu na mtoto wao wa miaka minne mchana kutwa, kisha wanaona haya kumlipa vizuri, sijui wanapima thamani kwa kipimo gani.

Halafu lugha. Mtoto wa Kinondo anaamka akizungumza Chidigo, anacheza kwa Chidigo na Kiswahili, anafika darasani anaambiwa kila kitu kwa Kiingereza. Anaonyeshwa picha ya tufaha ambalo hajalionja, na dirishani mkorosho umejaa mabibo. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, nchi hii imekuwa ikisema mtoto aanze masomo kwa lugha ya eneo lake. Karibu miaka hamsini baadaye, wapo wanaomwadhibu mtoto kwa kusema neno la mamake. Anaandika Kiingereza asichokielewa, na mzazi asiyekielewa pia anafurahi. Nimesema na nitarudia: kuandika si kujua.

Na mkitaka kujua kwa nini mchezo umetoweka, tazameni ardhi. Shule zinafunguliwa kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, zege mpaka ukutani, bembea moja ya kutu kwa ajili ya picha ya tangazo. Njia tulizokuwa tukipita kwenda baharini, Diani na Galu, nyingi zimezibwa na kuta za hoteli na majumba ya watu binafsi. Mtoto wa kijiji kilicho hatua chache kutoka ufukweni analazimika kuzunguka mbali ili aguse maji. Wageni wanalipia ndege kuja kulala kwenye mchanga ule, na sisi tunalipia ada ili mtoto wetu asiuguse.

Serikali ya Kaunti ya Kwale ina dhamana hapa, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Tangu enzi ya Gavana Salim Mvurya madarasa mengi yamejengwa vijijini, na nashukuru. Sasa Gavana Fatuma Achani akatae darasa lolote jipya lisilo na uwanja, mti wa kivuli na mchanga wa kuchimba. Maafisa wa elimu waache kukagua madaftari kwanza wanapotembelea chekechea. Waombe kuona watoto wakicheza, na wasipowakuta wakicheza waandike hilo kwenye ripoti.

Wazazi, Januari mkienda kuandikisha, msiulize mtoto wa mwaka jana aliandika nini. Ulizeni wanakaa chini kwa muda gani kwa siku, na wanatoka nje mara ngapi. Mkijibiwa kwamba hawatoki, ondokeni na ada yenu. Na sheria nayo ikazwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazikataza shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kumwingiza shule. Shule za kibinafsi zimeachwa ziendelee kuwapepeta watoto wa miaka mitano mlangoni. Kwale ina wabunge wanne wa maeneobunge. Mmoja wao apeleke Bungeni marekebisho ya kufunga mwanya huo kabla ya mahafali mengine.