Usifute Nyimbo Kabla Hujaipima Flashi: Tahadhari kwa Ma-DJ wa Ndabibi

Wewe unayepiga muziki Ndabibi, Maiella, Kongoni na kwingineko kandokando ya Ziwa Naivasha: kama umenunua flashi au diski ya nje inayodai kubeba 1TB au 2TB kwa bei ya kushangaza, usifute wimbo hata mmoja kwenye laptopu yako leo. Usimnakilie mwenzako. Usiende nayo kwenye sherehe. Ipime kwanza. Desemba ndio mwezi wa harusi, sherehe za mahari (ruracio) na mikesha ya mwaka mpya, na baada yake hufuata pilikapilika za Safari Rally, mashindano ya magari yaliyorudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 na kuifanya Naivasha makao yake. Hasara ninayoieleza hapa haibishi hodi. Hujitokeza usiku wa kazi, watu wamekwisha kusimama kucheza.

Ulaghai wenyewe ni huu. Ndani ya kila flashi kuna chipu inayohifadhi data na kidhibiti kinachoieleza kompyuta ukubwa wa chipu hiyo. Tapeli huchukua chipu ya 8GB au 32GB, akabadilisha programu ya kidhibiti ili kitangaze 2TB. Kompyuta haina la kubishia, inaamini inachoambiwa. Unanakili nyimbo hadi mwisho na hakuna kosa linalotokea. Majina yote yanaonekana kwenye orodha, na ukubwa wa kila faili pia. Lakini chipu halisi ilipojaa, nyimbo zilizofuata ama zilipotea ama ziliandikwa juu ya zile za mwanzo. Ulichobaki nacho ni majina matupu.

Hapo bado hujapoteza kitu, maana nyimbo zako zingali kwenye laptopu. Msiba huanza unapoona laptopu imejaa, ukasema "zote ziko kwenye diski," ukafuta za awali. Kisha anakuja kijana anayeanza kazi, unamnakilia mkusanyiko wako, naye anamnakilia mwenzake. Ndivyo muziki unavyosambaa hapa kwetu: kutoka kwa DJ mkubwa hadi mwanafunzi wake, kutoka duka la filamu hadi kwenye matatu. Mafaili mabovu husambaa kwa njia hiyo hiyo, na anayeyapokea hana habari. Wimbo unaovuma mwaka huu utaupata tena mtandaoni. Benga ya zamani iliyotolewa kwenye kaseti na mugithi uliorekodiwa moja kwa moja kwenye baa ya mtaani hutavipata. Huenda nakala uliyofuta ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Ukijua mahitaji yako, tapeli atakukosa. Wimbo wa MP3 wa ubora wa juu, yaani 320kbps, huchukua takriban 2.4MB kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 basi ni karibu 10MB, na nyimbo 10,000 ni karibu 100GB. DJ wa sauti pekee anatosheka na 128GB. Wanaohitaji nafasi kubwa ni wapigaji wa video, na hata hao wengi hutoshwa na SSD halisi ya 500GB au 1TB. Ukiuziwa 2TB kwa bei ya flashi ya 64GB, hilo si punguzo, ni mtego. Ila usiogope ukiona flashi ya 128GB inaonyesha 119GB kwenye Windows. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu, si wizi.

Namna ya kupima ni rahisi na haina gharama. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote mbili huijaza flashi data ya majaribio kisha huisoma upya na kukuambia uwezo wake wa kweli. Fanya hivyo flashi ikiwa tupu, na uiache usiku kucha ikibidi. Kama huna programu hizo, ijaze nyimbo mpaka ukingoni, ichomoe, ichomeke tena, kisha cheza kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho. Usiruke hatua ya kuchomoa, kwa sababu kompyuta inaweza kukuchezea wimbo iliouweka kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Dai risiti kila unaponunua, na ukiuziwa bidhaa bandia, ripoti kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Usiiuze tena kwa mwingine.

Hatari ya pili inatoka kwa flashi za wageni. Kuna virusi vinavyoficha mafaili yote na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya moja, virusi huingia kwenye laptopu yako na kuambukiza kila flashi itakayochomekwa baadaye. Vingine huja na programu za DJ zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bila malipo. Jamii ya virusi iitwayo STOP/Djvu imeenea kwa njia hiyo: hufunga mafaili yako, nyimbo zikiwemo, kisha hudai fidia. Basi mgeni akija na wimbo wake katikati ya sherehe, mwombe autume kwa simu, au uwe na laptopu nyingine ya kupokelea. Usikubali flashi yake iguse mashine inayopiga.

Laptopu nayo iangaliwe. Wengi wetu tunanunua mashine zilizotumika Ulaya, na si vibaya, mradi ukague mambo manne. Kwanza, chomoa chaja dukani na uiache icheze kwa nusu saa. Ndabibi iko jirani na mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, lakini umeme hukatika hapa kama kwingine, na betri iliyokufa huzima mashine ikiwa katikati ya kuandika faili. Pili, chagua prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi hicho. Tatu, hakikisha ndani kuna SSD, si diski ya kuzunguka. Nne, sikiliza feni na uisafishe mara kwa mara, kwa kuwa vumbi letu la udongo wa volkano ni laini na huziba njia za hewa. Mashine ikipata joto kupita kiasi, hupunguza kasi na muziki hukatika.

Hoja ya SSD ina ushahidi. Mwaka 2022 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alisimulia kwamba kampuni moja iligundua wimbo "Rhythm Nation" wa Janet Jackson, wa mwaka 1989, uliweza kuzimisha aina fulani za laptopu. Masafa ya wimbo huo yalilingana na mtetemo wa asili wa diski zao za kuzunguka, na hata laptopu iliyokuwa karibu bila kucheza chochote iliathirika. Ikiwa wimbo uliotoka kwenye laptopu moja uliweza hayo, usiweke diski ya kuzunguka juu ya spika ya besi na kutegemea itakesha salama. SSD haina kinachozunguka ndani yake.

Kama hasara imekwisha kukupata, acha kuandika chochote kwenye kifaa hicho na usikifomati. Kwenye flashi ya uwezo bandia, nakili haraka mafaili yanayofunguka na uyaweke kwenye kifaa ulichokipima. Kama ni virusi vya njia za mkato, usibofye. Mara nyingi nyimbo zako zimefichwa tu na fundi anaweza kuzifichua akitumia kompyuta safi. Kama ulifuta nyimbo kwenye laptopu juzi, izime na umpelekee fundi kabla hujaweka kitu kingine, kwa maana nafasi ikiandikwa upya hazirudi. Kwenye SSD nafasi ya kuziokoa huwa ndogo zaidi, kwa hiyo usichelewe.

Kazi ya juma hili ni moja. Tengeneza nakala tatu za mkusanyiko wako: moja kwenye laptopu, ya pili kwenye kifaa kilichopimwa unachobeba kazini, ya tatu kwenye kifaa kilichopimwa kinachokaa nyumbani bila kuchomekwa popote. Kisha mpigie aliyekufundisha kazi, na kila uliyewahi kumnakilia nyimbo. Waambie wapime vifaa vyao kabla ya kufuta, maana kama mafaili yao yalitoka kwako, wewe ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kuwaonya.